Kukesha hakumsaidii, mwache alale

Dada, umeniuliza kama umkeshe mtoto wako wa kidato cha nne asome mpaka saa nane usiku. Hapana, kukesha hakumwongezei alama. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10, na akiwa amelala ndipo ubongo unapohifadhi alichosoma mchana. Akikosa usingizi, kesho yake anasoma swali mara tatu na bado halimwingii.

Kinacholipa ni kuulizwa maswali, siyo kurudia daftari. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima hilo Marekani mwaka 2006: baada ya wiki moja, wanafunzi waliojilazimisha kukumbuka bila kuchungulia walikuwa wamebaki na mengi kuliko waliosoma tena na tena. Na huhitaji kujua kemia. Mimi nilikuwa nashika daftari la binti yangu huku nachambua mchele, namwambia, "Haya, nifundishe hii mole ni mdudu gani." Akikwama, anajua mwenyewe pa kurudi. Jumamosi mpe karatasi ya mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya miaka ya nyuma, weka saa, simu yake ikae kwako. Vyombo vya jioni hiyo aoshe mdogo wake, au uoshe wewe.

Ila kama nyumba ina kelele jioni (yetu ilikuwa na redio ya jirani), alale saa tatu usiku, aamke saa kumi na moja alfajiri asome. Saa 8 zake zinatimia.