Tamthilia mtandaoni: waache wasome wao

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako wa kidato cha tatu huzima kamera ukianza tamthilia, na ukiuliza swali hakuna anayejibu. Nimepitia hayo nikifundisha kutoka Kayole, Nairobi, mtandao ukikatika kila mvua inaponyesha.

Kilichonisaidia ni kuacha kuwasomea. Chagua onyesho fupi, kurasa mbili tu, ugawe wahusika siku moja kabla. Mmoja asome maelekezo ya jukwaani, ambayo wengi huyaruka. Kisha warudie mazungumzo yaleyale kwa hisia tofauti: mara mhusika ana hasira, mara anaogopa. Hapo uliza, "Neno gani limekufanya usome hivyo?" Jibu la mwanafunzi ndilo uchambuzi wa sifa za wahusika, na wala hajui kwamba anachambua.

Usiwaambie wasome kwa pamoja. Sauti huchelewa kufika kwa viwango tofauti, mtapata kelele za soko la Gikomba. Shairi la tarbia, lenye mishororo minne kila ubeti, kwa mfano, ligawe: huyu ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), yule utao (nusu ya pili), wasikie mizani, yaani silabi, 8 kwa 8.

Asiye na bando atume sauti kwa WhatsApp. Mwenye haya usimlazimishe. Mpe kazi ya kuelekeza wenzake, wengine hung'aa hapo.

Kabla ya kurekodi watoto, pata idhini ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inadai hivyo. Na mtoto akilia katikati ya onyesho la dhuluma ya nyumbani, usiendelee tu. Zungumza naye faraghani, umfikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha.