Usibadilishe Mada, Chagua Idara

Wiki iliyopita nilipokea barua ya kupandishwa daraja kuwa mhadhiri mwandamizi. Jioni ya siku hiyohiyo binti mmoja anayesoma umahiri akaniandikia: "Dokta, tasnifu yangu inachanganya historia, fasihi na muziki. Naambiwa nitakosa pa kufundisha. Nibadilishe mada?"

Machozi yalinitoka, kwa sababu niliwahi kuambiwa hivyohivyo.

Uzamivu wangu ulihusu taarabu ya Unguja. Nilianza na mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu hadi akafika Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Huwezi kuzielewa nyimbo zake ukikaa ndani ya somo moja. Aliimba Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe, wakati taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Hapo unahitaji fasihi na isimu. Wengi waliomsikiliza walikuwa wazao wa watu waliokuwa watumwa kabla ya amri ya 1897 iliyofuta utumwa kisheria. Hapo unahitaji historia. Akiimba habari za mahakama, usipojua sheria za kikoloni umeshapotea. Nilishinda miezi kwenye Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, na jioni nikawa barazani kwa bibi wanaokumbuka nyimbo zile. Naamini hadi leo kwamba ile ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya.

Halafu nikaenda kwenye usaili. Mwenyekiti wa jopo akafunga faili langu akaniuliza, "Wewe ni mtu wa idara gani hasa?" Nikaeleza kwa dakika kumi. Watu wa historia wakasema mimi ni wa fasihi. Mwaka uliofuata, chuo kingine, watu wa fasihi wakasema mimi ni mwanahistoria. GPA nilikuwa nayo, ile 4.0 ya umahiri inayodaiwa kwenye matangazo mengi, na 3.8 ya shahada ya kwanza pia. Miaka miwili nikafundisha kwa mkataba wa muda, malipo ya saa, na pesa zinakuja muhula ukiwa umeshaisha. Sijasahau, na sidhani kama nitasahau.

Aliyenifumbua macho ni profesa mmoja mstaafu. Aliniambia, "Mwanangu, pale unapoomba kazi sasa wana kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi mia nne na hakuna wa kuifundisha. Umewaambia kwamba utaifundisha?" Sikuwa nimewaambia. Usaili wa tatu nilikwenda na muhtasari wa kozi mbili za historia, ya utangulizi na ya mbinu za utafiti wa masimulizi, wiki kwa wiki, na maswali ya mtihani. Taarabu niliitaja mwishoni tu. Nikapata kazi.

Kwa hiyo mdogo wangu, mada usibadilishe. Badilisha namna unavyojitambulisha. Chagua idara moja, ijue kozi yake ya msingi kuliko wenyeji wake, na makala zako mbili za kwanza zichapishwe kwenye majarida ambayo idara hiyo inayatambua, maana pointi za kupanda daraja zinahesabiwa hapo. Ukishathibitishwa kazini, changanya utakavyo. Nasema tena: idara moja. Vijana wengi mnapenda kusifiwa kwamba kazi yenu haina mipaka, lakini nafasi ya ajira inatoka ndani ya idara. Na usidhani uko peke yako. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kwenye taasisi yake ya utafiti wa jamii, MISR, tangu 2012 kuna programu ya uzamivu inayowasomesha wanafunzi siasa, uchumi, historia na utamaduni kwa pamoja. Anayekuambia kazi ya namna hii haina kwao hajatazama mbali.

Nitumie ikisiri yako kabla ya Ijumaa. Juu kabisa andika majina ya kozi mbili ambazo ukiitwa kesho asubuhi unaweza kuingia darasani na kuzifundisha.