Jibu: Wifi anavuja mkojo tangu ajifungue na hataki hospitali
Sasa dada, pole sana. Unasema wifi yako huko Butere anavuja mkojo tangu ajifungue, miezi nane sasa, na ukitaja hospitali anabadilisha stori. Cha kwanza muulize mkiwa wawili tu, unatoka wakati wote hata akilala ama ni akikohoa na kucheka? Kama ni wakati wote na alikaa na uchungu muda mrefu kabla mtoto atoke, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na maombi ya wamama wa kanisa hayatalifunga.

Shangazi yangu hapa Ahero alikaa nayo miaka sita. Tulidhani ni ukaidi kumbe alikuwa anaogopa kupanda matatu, masaa yote hayo kwa kiti nguo inalowa na watu wanafungua madirisha, halafu nesi mmoja alishamwambia ni mambo ya kuzaa itaisha tu, na pesa ya nauli ilikuwa kwa mzee ambaye alikuwa amehamia chumba kingine. Tulimnunulia padi za watu wazima na leso mbili, tukatoka alfajiri na gari ya jirani. Na wifi asijinyime maji, mkojo ukikolea ndio unanuka na kuchoma zaidi.

Eldoret kuna Gynocare, hospitali ya wanawake na fistula, wanafanya opresheni ya kufunga hilo tundu, pigeni simu kwanza muulize gharama na siku. Mimi si daktari, lakini usiende na msafara wa mashemeji, nendeni wawili.