Flashi ya pembeni kwa Canon 4000D

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini triga ya bei nafuu (kifaa cha kuwasha flashi kwa mbali) haiwashi flashi yako ya Godox TT600 ukipiga picha za maharusi pale Bismarck Rock, mawe ya ziwani Mwanza. Kabla hujairudisha dukani, tazama juu ya kamera, pale inapochomekwa flashi: 4000D haina ile pini kubwa ya katikati. Triga hizo zinategemea pini hiyo tu, kwa hiyo hata ukibadilisha betri utaambulia giza. Tafuta triga ya Godox X2T ya Canon, yenye programu mpya ya ndani (firmware). Yenyewe inatumia pini ndogo.

Mfuko ukiwa umetoboka, inua flashi ndogo ya kamera, TT600 uiweke S2, hali ya kuwaka yenyewe ikiona mwanga wa flashi nyingine. Hali ya S1 itadanganywa na mmweko wa awali, ule ambao kamera hutoa kupima mwanga kabla ya picha. Ukumbini inakubali, ufukweni kwenye jua kali usiitegemee.

Kwa machweo, shata iwe 1/200 ya sekunde. Ukipita hapo bila kuwasha HSS (hali ya flashi kwa shata ya kasi), picha inaingia utando mweusi upande mmoja. Anza na tundu la lenzi f/8, ISO 100, zima flashi kwanza, rekebisha mpaka anga na ziwa vikae unavyotaka, ndipo uiwashe kwa nguvu ya 1/4. Stendi mpe mtu aishike. Upepo wa ziwa ukiiangusha juu ya mawe yale, flashi imekwenda.