Kwapa linasoma 35.4 na kifua cha mgonjwa kinaunguza: amini kipi?

Mkuu, umeuliza kwa nini mgonjwa aliyeletwa hajitambui, kifua kikiunguza kiganja, kipimajoto cha kwapani kikasoma 35.4. Si lazima kifaa kiwe kibovu. Mwili ukizidiwa, mishipa ya ngozi hujibana ili damu ibaki kwenye moyo na ubongo, kwa hiyo kwapa hupoa huku ndani kunachemka. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, achana na kwapa, pima njia ya haja kubwa.

Mlaze ubavu, kunja goti la juu. Paka ncha jeli, ingiza sm 1 kwa kichanga, 2 kwa mtoto, 3 hivi kwa mtu mzima. Ukikutana na ukinzani, usilazimishe. Kishikilie mwenyewe mpaka kilie, maana mtoto akijirusha kinajeruhi. Aliyefanyiwa upasuaji huko, au anayetumia dawa za saratani zilizoshusha kinga, usimpime hivyo. Mdomoni nako sahau kwa anayehema mbio au aliyechanganyikiwa: hewa inapoza ulimi, na anaweza kukitafuna.

Kwa wengine kwapa linatosha, ila lifanyike sawasawa. Futa jasho kwa kugusagusa, usisugue. Ncha ikae katikati kabisa ya shimo la kwapa; wengi huipitiliza ikatokea nyuma na kupima shati. Bana mkono ubavuni mpaka kilie. Kile cha kuelekeza kwenye paji la uso hudanganywa na jasho, feni na jua la nje, kwa hiyo kisikuamulie matibabu ya mgonjwa mahututi.

Kikiandika «Lo», usikimbilie kubadili betri. Maana yake joto liko chini ya kiwango chake, kwa vingi nyuzi 32. Aliyeopolewa majini, au aliyelala nje usiku wa Julai Njombe au Limuru, anaweza kuwa na 30 kweli. Tafuta kipimajoto kinachosoma chini zaidi, mvue nguo mbichi, mfunike, na mgeuze taratibu sana: moyo uliopoa hivyo unaweza kuvurugika kwa kutikiswa tu.

Aliyepigwa na joto, amechanganyikiwa na ndani anasoma zaidi ya 40, mmwagie maji na umpepee huku ukirudia kupima. Ikifika 39 acha, la sivyo atashuka kupita kiasi.

Kwenye faili namba isikae peke yake. Andika «39.6, haja kubwa, saa 8:10 mchana, panadoli saa 5». Kichanga wa chini ya miezi 2 akiwa na 37.5 kwapani au zaidi, au chini ya 35.5, zote mbili ni dalili ya hatari, usimrudishe nyumbani. Na mama akisema mtoto alichemka usiku, sasa anasoma 36.8, kwenye maeneo ya malaria bado mtoboe kidole umpime.