Jibu: Dripu ya saa 8 kuisha kwa saa 6

Habari mwenzangu. Umesema lita 1 ilitakiwa iende saa 8, ukaweka matone 42 kwa dakika, ikaisha kwa saa 6 hivi. Hesabu yako si mbaya. Anza kwa kutazama pakiti ya mpira wa dripu: imeandikwa matone mangapi kwa mililita 1?

42 ni sahihi kwa mpira wa matone 20: 1000 × 20 ÷ dakika 480. Ukiwa wa matone 15, hayohayo 42 yanamaliza lita kwa dakika 357, yaani karibu saa 6 kamili. Ndiyo maana naushuku mpira kwanza, ingawa bila kuiona pakiti siwezi kuapa. Kwa mpira huo weka 31.

Kama kweli ni wa 20, angalia mkono. Kanula (kale kamrija kanakoingia mshipani) ikiwa kwenye kiwiko, mgonjwa akikunja dripu inasita, akinyoosha inakimbia. Ukihesabu akiwa amekunja, umeshadanganyika. Chupa ikiinuliwa pia kasi hupanda, kwa hiyo hesabu upya kwa dakika nzima kila anapotoka chooni au kugeuzwa.

Bandika plasta kwenye chupa, uandike saa kila mililita 125. Ikichelewa, tafadhali usiifungulie kufidia. Mwenye moyo au figo dhaifu anaweza kujaa maji mapafuni. Mwarifu daktari, mpange upya. Kwa watoto wadogo tumia bureti (kichupa chenye vipimo kwenye mpira wa dripu) ya matone 60 kwa mililita: matone kwa dakika ni sawa na mililita kwa saa.