Wageni wa tovuti wameongezeka, mbona WhatsApp kimya?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni Pangani, vyumba sita, na tovuti ya WordPress tuliyotengenezewa na kijana mmoja. Yeye ndiye aliyetuwekea Google Analytics, ile huduma ya Google ya kuhesabu wanaotembelea tovuti. Mwezi uliopita aliongeza plagini ya takwimu, yaani programu ndogo ya kuchomeka kwenye WordPress, na tangu hapo kurasa zinazotazamwa kwa siku zimepanda kutoka kama 60 hadi 120 na ushee. Watumiaji wako palepale, 25 hivi, na WhatsApp ni meseji mbili tatu kwa wiki kama zamani. Sasa anasema tukimpa elfu themanini atatuletea wageni elfu kumi kwa mwezi, na Google itatupandisha juu. Je, hesabu imewekwa sawasawa? Na tumlipe?

JIBU: Dada, msimlipe. Na hiyo 120 msiitegemee kwa lolote, maana wageni wenu hawajaongezeka.

Kurasa zikiruka mara mbili ghafla huku watumiaji hawajasogea, karibu kila mara kodi ya kuhesabu, yaani yale maandishi ya kompyuta (code) yanayotuma taarifa kwa Analytics, imewekwa pawili. Moja ilikuwepo tayari kwenye tovuti, nyingine imekuja na plagini, na mgeni akifungua ukurasa mmoja zote mbili zinatuma taarifa. Watumiaji hawaongezeki kwa sababu zote zinasoma kidakuzi kilekile, yaani kijialama kilichoachwa kwenye simu ya mgeni. Hakikisheni wenyewe: fungueni tovuti kwenye kompyuta, bonyezeni Ctrl na U, ukurasa utajaa maandishi ya kodi. Kisha Ctrl na F, andikeni gtag/js. Inatakiwa itokee mara moja tu. Ikitokea mara mbili, mwambieni kijana aondoe moja, abakize ya plagini au ile ya zamani, lakini si zote. Mwezi uliokwisha kuharibika hausahihishiki, basi andikeni tarehe ya marekebisho kwenye daftari ili msije mkalinganisha miezi isiyolingana.

Mkiingia kwenye mipangilio ya Analytics, tazameni na saa. Ikiwa imeachwa ya Los Angeles, siku yenu kwenye ripoti inaanza saa tano asubuhi ya Pangani, au saa nne wakati wa majira yao ya joto, na mtu aliyeingia alfajiri anahesabiwa jana. Chagueni Tanzania. Muda wa kuhifadhi data za kina huwa ni miezi 2 usipoguswa. Usogezeni hadi 14, la sivyo mwakani hamtaweza kuuchimba msimu huu na kuulinganisha na ujao.

Hayo ni ya kurekebisha kwa jioni moja. Linaloniumiza ni jingine, na naletewa kila siku: mtu ananyoosha simu, ananionyesha namba ya watumiaji, anasema watu 900 wameingia dukani kwangu, mbona siuzi?

Mtumiaji kwenye ripoti si mtu. Ni kidakuzi kilichoachwa ndani ya kivinjari kimoja, yaani programu ya kufungulia tovuti, kwenye kifaa kimoja. Chukueni mama mmoja wa Hamburg. Anaona picha ya chumba chenu Instagram, anabofya, tovuti inafunguka humohumo ndani ya Instagram: mtumiaji wa kwanza. Jioni anaitafuta tena kwa kivinjari kiitwacho Safari kwenye iPhone yake: wa pili. Anamwonyesha mumewe kwenye kompyuta ya mezani: wa tatu. Baada ya siku kumi anarudi kuangalia bei kwa simu ileile, ila Safari hukifuta kidakuzi cha namna hiyo zikipita siku 7 bila yeye kurudi: wa nne. Watumiaji wanne, chumba kimoja. Na jirani yake aliyekataa vidakuzi, haki anayopewa na sheria ya Ulaya, huenda hakuhesabiwa kabisa ingawa alisoma kila ukurasa. Kwa hiyo namba hiyo inazidi upande huu na kupungua upande ule, na hakuna fundi wa kuinyoosha. Inafaa kulinganisha mwezi na mwezi, ikiwa hamkugusa kodi katikati. Haifai kuhesabu vichwa.

Kwenye hao 25 na nyie mmo, mnapofungua tovuti kila asubuhi kuona kama iko hewani. Mafundi wengi huahidi kuwatoa kwa kuzuia anwani ya intaneti yenu. Kama mnatumia bando la simu, ahadi hiyo ni bure: anwani hubadilika, tena wateja wengi wa kampuni moja hutoka kwa anwani moja. Kwenye kompyuta wekeni programu ndogo ya Google ya kujitoa kwenye hesabu, na mzoee kuikagua tovuti kwa kompyuta hiyo tu.

Halafu kuna roboti, yaani programu zinazofungua tovuti bila mtu. Fungueni ripoti ya miji. Mkiona Ashburn wa jimbo la Virginia au Council Bluffs wa Iowa iko juu ya Dar es Salaam na Berlin, msifurahie soko jipya la Marekani. Huko kuna vituo vikubwa vya kompyuta. Google huondoa roboti zinazojulikana, lakini programu inayofungua kivinjari kamili kama mtu hupenya.

Na hao ndio wageni elfu kumi mnaouziwa. Sijaona hata mara moja wageni wa kununua wakaandika meseji. Wanaingia ukurasa wa mwanzo, wanakaa sekunde moja au sifuri, wanatoka. Kuwapandisha Google hawawezi: Google wenyewe wameshasema hawatumii takwimu za Analytics kupanga matokeo ya utafutaji. Wanachofanya ni kuzizamisha namba zenu 25 za kweli, hata akija Mjerumani anayetaka chumba hamtamwona tena kwenye ripoti. Mwenye matangazo ya AdSense, yale ambayo Google humlipa mwenye tovuti kwa kuyaonyesha, hali yake ni mbaya zaidi, kwa kuwa akaunti inaweza kusimamishwa kwa wageni wa bandia, awe alijua au hakujua.

Elfu themanini yenu iwekeni kwenye picha nzuri za vyumba. Na hesabuni kinacholeta mteja, yaani kubofya kitufe cha WhatsApp. Analytics hunasa yenyewe kila mtu anapobofya kiungo cha kutoka nje ya tovuti, kwa tukio liitwalo click. Ndani ya mipangilio ya matukio tengenezeni tukio jipya, mlipe jina whatsapp_click, kwa masharti mawili: jina la tukio liwe click, na link_domain, yaani tovuti ambayo kiungo kinapeleka, iwe wa.me, au api.whatsapp.com kama kitufe chenu kinapitia huko. Kisha litieni alama ya tukio muhimu. Haliangalii nyuma, litaanza kuhesabu siku mtakayoliweka. Baada ya wiki nne mtajua ni ukurasa gani unawafanya watu wabofye, na kama walitoka Instagram au Google. Kiungo mnachotuma wenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp kitieni utm_source=whatsapp mwishoni, baada ya alama ya kuuliza, maana bila hivyo wengi wao watasomeka kama watu waliojiandikia anwani wenyewe.

Mwisho naandikia na wengine wote wenye tovuti za kufanyiwa. Mwulizeni fundi wako leo: Analytics iko chini ya barua pepe ya nani? Nimekuta duka lenye kumbukumbu za miaka mitatu ndani ya Gmail ya kijana aliyeshaacha kazi na kubadilisha namba. Nimekuta pia waliolipia kodi inayoanza na UA-, wakati mfumo huo wa zamani wa Analytics uliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023. Dada, akupe usimamizi kamili kwa barua pepe yako, mbele yako, simu mkononi. Ni kazi ya dakika tano na haifuti kitu. Akikwambia haiwezekani bila malipo, anakudanganya. Fungua akaunti yako mwenyewe siku hiyohiyo, mtu mwingine akuwekee kodi mpya, na ya kwake itolewe kwenye tovuti.